Pembe za Filamu Nisizozikata

Muzee wangu Kabwe,

Ninakuandikia nikiwa katika karakana yetu, mbele ya pipa tulimokuwa tukilowesha filamu za eksirei za hospitali, mpaka utando wake ubanduke na kutuachia tope jeusi lenye madini ya fedha. Funguo ninazo mimi sasa. Juma moja baada ya kukuzika, mkurugenzi alinikabidhi mahali pako. Nilisema asante. Hilo nalo sharti ulijue.

Ulinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote: kukata pembe ya kila filamu na kuiwasha uani. Ikiyeyuka polepole, ni salama. Ikiwaka kama baruti, ni ya zamani, na haifai kukaribia jiko la kukaushia tope. Nami, niliyetoka shuleni na diploma, nikakuonyesha maandishi ya Kifaransa juu ya sanduku, yaliyokwisha kutaja aina ya filamu. Ulicheka. "Karatasi inadanganyaka, mutoto. Moto haidanganyake. Ao diplome yako inaogopa kushika makasi?"

Asubuhi ya ajali mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua kazi, na nilitamani akute kila kitu kimepangwa kwa mkono wangu. Nilisoma maandishi, sikukata hata pembe moja, nikaliweka sanduku kando ya jiko. Kumbe mtu fulani alikuwa ametia filamu za zamani katika sanduku jipya. Uliponiuliza kama nimezijaribu, nilijibu: ndiyo, Muzee.

Sanduku likalipuka moto kwa joto la jiko, na moshi wake ulikuwa wa rangi ya kahawia. Wewe ulinisukuma nje, ukarudi kuyavuta masanduku mengine. Ulitoka kwa miguu yako mwenyewe, ukanawa uso, ukaniambia, "Niko muzima. Rudia kazi." Kesho yake adhuhuri nilikuwa nimekushika mkono, nawe ukizama katika maji ambayo moshi ule uliyajaza mapafuni mwako.

Ripoti imeandika kwamba uliwasha kiko cha tumbaku ndani ya karakana. Wewe, ambaye hukuwahi kuvuta! Kwa sababu ya kosa hilo, Mama Feliste, mke wako, ameamriwa kuhama nyumba ya kambi ya wafanyakazi.

Niliandika ukweli, kurasa tatu za Kifaransa safi, nikatia sahihi. Mkurugenzi alizisoma, akazikunja, akanirudishia. "Weye iko na diplome," alisema kwa Kiswahili chake. "Muntu ya diplome hawezi kukosa hivi. Dosye imefungwa," akaongeza, akifunga jalada la ripoti. Nilirudi mara ya pili. Sikufunguliwa mlango. Wewe hukujua kusoma, Muzee, basi walikwisha kuamua kosa ni la nani.

Jumamosi Mama Feliste atapanda lori la samaki linalorudi Kasenga, kwa dada yake. Jana aliniletea ugali wa bukari na mboga ya sombe, majani ya muhogo. "Weye njo mwenye ulimushika bwana yangu mukono," alisema. "Mungu akubariki, mutoto wangu." Nami nilikula. Nilikula mpaka sahani ikawa tupu, nikamrudishia.

Najua ukweli hautamrudishia nyumba, wala hautafuta ripoti. Hata hivyo nakuahidi: nitamwambia kabla lori halijaondoka, kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu, mbele ya wanawake watakaomsindikiza. Akinitemea mate, sitajifuta.

Lala, Muzee. Sikuombi msamaha. Nakuomba tu usimzuie yeye kunichukia.

Mwanafunzi wako,
Placide