Uwanja kwa Hatua za Kombora

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu, na kama zimefika zimekunjamana ni kwa sababu ni nyingi. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika, na lina haki, ndilo lililofunga lile bao langu la mita mia na kumi. Mama yako ananisema asubuhi na jioni, basi najua afya yake ni njema. Nawe je? Huko ofisini mnakula?

Neno lenyewe ni hili. Jumatatu nafungua kibanda changu cha baiskeli, nakuta vigingi vyekundu vimepigwa ndani ya uwanja wetu wa mpira, upande mzima wa kibandani, kona hadi kona. Mwenyekiti wa mtaa anasema hapo itapita barabara na bomba la maji, kwenda kwa wale waliojenga mlimani. Nikawaambia watu, mpima ardhi wa idara husika ni mtoto wa dada yangu, nilimfundisha kuhesabu kwa spoku za baiskeli. Wakatulia.

Hata hivyo sikukaa bure. Nimeandika malalamiko kwa mkono wangu, sahihi mia mbili na nne. Ukubwa wa uwanja nimeueleza hadi karani aliyeipokea barua akavua miwani. Wewe ng'oa tu hivyo vigingi.

Mjomba wako,
Kombora


13 Machi

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, na tunakula, ingawa si kama kwa mama. Pole kwa goti.

Mjomba, vigingi nilivipiga mimi. Kibanda kilikuwa kimefungwa siku ile, nikaondoka bila kukusalimu, na nimeona aibu tangu hapo.

Mlimani kuna kaya sitini. Nilipanda nao na ndoo kichwani mara moja tu, shingo ikaniuma siku tatu. Mwezi uliopita walimshusha mjamzito kwa toroli. Nikiving'oa vigingi, nitawaambia nini? Lakini nami nilijifunza kukimbia kwenye uwanja huo, na kanuni zetu zinasema ardhi ya michezo isikatwe kama ipo njia nyingine. Nisaidie kuitafuta. Usinitumie vitisho, nitumie hoja.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipokea, za vigingi nimezirudisha.

Watu wa mlimani nawajua kuliko wewe. Ni wateja wangu. Baiskeli zao huzipanda kushuka tu, kupanda ni baiskeli zinazowapanda wao. Sikatai maji wala barabara. Nakataa wachezaji ishirini na wawili kubanwa kama sabuni kwenye kisahani. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye nakata nyasi zile na kumwaga chokaa.

Greda likija nitasimama mbele yake. Mwaka wa mafuriko nilisimamisha lori kwa kifua, dereva akashuka akaniomba radhi, na lori nalo likazimika kwa heshima.

Hoja unayotaka imo kwenye malalamiko yangu. Isome.

Mjomba wako,
Kombora


2 Aprili

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limepoa, maana barua hii ni ya kusoma umekaa.

Nimeisoma. Umeandika urefu wa uwanja ni mita mia mbili na upana mia na arobaini. Mkuu wangu amesema uwanja mkubwa hivyo ukikatwa mita kumi na mbili hautajua kama umekatwa. Nikamwambia vipimo si vya kweli, ni themanini na nne kwa hamsini na moja, na ukikatwa hapo mpira umekwisha. Akaniuliza, "Watu mia mbili na nne ni waongo, mkweli ni wewe mpwa wa mwandishi?"

Nikarudi kwenye ramani yangu.

Njia nyingine ipo. Kati ya mstari wa uwanja na ukuta wa ghala pana ukanda wa mita saba. Gari moja linapita, bomba linazikwa hapohapo, na katikati panabaki pa kupishana. Ukanda huo una kitu kimoja tu, mjomba. Kibanda chako.

Mkutano wa hadhara ni tarehe 27, darasani, shule ya msingi. Mimi nikisema ni undugu. Aliyeandika ndiye wa kufuta, kwa mdomo wake.

Mpwa wako


18 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mbona kimya? Mama anasema unaonekana uwanjani alfajiri unasukuma gurudumu moja. Unaumwa?

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Siumwi. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la inchi ishirini na nane, nikalisukuma goli hadi goli nikihesabu kitambaa kikigusa chini. Mara thelathini na nane, yaani zile mita zako themanini na nne. Nikarudia kesho yake, labda umande umelitelezesha. Thelathini na nane. Siku ya tatu nilikwenda polepole ili uwanja upate nafasi ya kukua. Haukukua.

Mkutanoni nikasimama. Nikasema, "Vile vipimo nilivitoa kichwani mwangu, na kichwa changu kina eneo kubwa." Nikasoma vya kweli. Muuza nyama akauliza, "Basi lile bao la mita mia na kumi?" Nikamwambia nilipiga kutoka nusu ya uwanja, na upepo ulikuwa wangu. Akauliza, "Na kipa?" Nikamalizia, kwamba kipa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Darasa zima lilicheka, mwenyekiti akafuta machozi kwa ajenda.

Kicheko kilipoisha nikasema kibanda changu kiko kwenye ardhi isiyo yangu, na kitaondoka. Hapo hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mlimani akasimama: "Sisi hatuombi njia ya malori. Tunaomba maji, na gari moja la mgonjwa." Mikono ikanyooshwa. Mkuu wako akakata mstari wake wa kwanza kwenye ramani mbele yetu, ila akatoa wiki moja kibanda kiwe kimetoka.

Nimekibomoa jana, mabati kumi na moja. Sasa natengenezea baiskeli barazani kwa mama yako, ambaye anazidi kuwa na afya njema.

Njoo uhamishe vigingi vyako. Nimekuwekea alama za chokaa kwenye ukanda, mita saba, nimepima kwa gurudumu mara tatu. Lakini usiniamini. Pima mwenyewe.

Mjomba wako,
Kombora wa nusu uwanja