Wa Kuchimba Dawa

Al Jaddaf, Dubai

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepoa. Mpe Mama shikamoo yangu. Mimi mwili hauna neno. Barua anakuletea Rosina, ninayeishi naye chumba kimoja, anakuja likizo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenitania, ningecheka, na nililotaka kusema ningelimeza tena.

Mama amenieleza habari za basi. Kwamba tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma, mnaondoka na viti vitupu, na tajiri wenu ameshaegesha mabasi yake mengine. Kwamba pale Gairo mama lishe wote wanakimbilia basi lenu moja kama kuku waliomwagiwa mtama. Kisha akaniambia lililoniuma zaidi: wewe na Chacha hamsemeshani. Dereva wako wa miaka yote! Mnasafiri pamoja kutwa nzima, na ukitaka asimame unagonga bodi.

Chanzo nakijua. Ni lile tangazo la redioni, konda anaita, "Haya, wa kuchimba dawa tuchimbe! Mizizi ya kina mama kulia, ya kina baba kushoto, mganga hangoji mtu!" Halafu mwanamke anacheka taratibu, anasema kwenye treni choo kiko ndani. Mama anasema ukiita siku hizi abiria wanakumalizia wao, "Choo kiko ndani, mzee!" na sasa umeacha. Unasema "dakika kumi" tu, unashuka.

Yale ya mizizi na mganga ni yako, hakuna konda mwingine anayeyasema. Ndiyo maana ulimwambia Chacha mbele ya watu stendi kwamba ameyauza, kwa kuwa shemeji yake yuko redioni. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Ukamwambia aape tena.

Baba, tangazo lile niliandika mimi.

Ofisi yetu ya matangazo ilipewa kazi na kampuni inayouza tiketi za treni kwa simu. Mkuu wangu, Madam Afra, mtu wa asili ya Unguja aliyezaliwa hapahapa, alitaka kitu cha kuchekesha. Nikamtajia maneno yako. Akauliza, ebo, dawa gani hiyo ya kuchimbwa njiani? Nilipomfafanulia kwamba ni abiria kushuka kujisaidia porini, alicheka hadi akafuta machozi, akasema khalas, ndilo hilo. Nikajiona mtu.

Ningeweza kusema sikujua. Nilijua. Likizo za shule nilikaa juu ya injini, nikiwaona watu waliokuwa wamenuna tangu Dar wakishuka wanacheka. Hicho ndicho kitu pekee mlichokuwa nacho ambacho treni haina. Nikakichukua, nikawapa wao.

Wiki ileile mliyogombana, Chacha alinipigia. Aliuliza neno moja tu: "Binti, ni wewe?" Nikamuuliza kama wewe umeshajua. Akasema basi, nisikuambie. Mzee akimkasirikia yeye, akasema, atapata dereva mwingine. Binti mwingine atampata wapi?

Nami nimemwacha aubebe mzigo huo mpaka leo. Nikasirikie mimi, Baba, hata mwaka mzima. Ila kabla ya kunijibu, mwendee. Na basi likifika Gairo, ita kama zamani. Chacha aitike.

Wasalimie majirani wote. Chacha mpe shikamoo yangu, kama bado ataipokea.

Ni mimi mwanao,
Doris