Neno la Mezani

Dada yangu,

Huku tunaamka salama. Cherehani yangu imepona, na sare za shule za kushona zimenijaa mpaka kitandani.

Shemeji yako amepandishwa cheo. Sasa anafundisha wafanyakazi wapya kupokea simu za wateja kwa Kiingereza, na darasa lenyewe amelihamishia mezani kwetu. Neno la wiki hii ni mboga. Eti si "vejeteboli" kama tulivyofundishwa mimi na wewe, ni "vejtabo". Ukikosea, anagonga glasi kwa kijiko, unaanza upya. Hujapatia, hugusi sahani.

Mimi nalisema anavyotaka, yanaisha. Lakini binti yangu ana miaka sita tu, Dada! Kijiko kikigonga, mabega yanampanda mpaka masikioni. Nikimtetea, naambiwa namdekeza. Siku hizi hata akitaka maji, anaonyesha kwa kidole.

Jana alilipatia. Sawasawa kabisa, kama mtangazaji wa redio. Baba yake akapiga makofi, akamsogezea sahani. Mtoto hakuigusa. Alinivuta mkono, akaninong'oneza, "Mama, sasa naruhusiwa kuongea?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ongea. Akaangalia kijiko kwanza, akaonyesha maji kwa kidole.

Kile chumba chako cha uani, nakuomba usikipangishe. Usinijibu kwa simu, maana huwa anaishika shemeji yako. Tutakuja wawili. Cherehani nitaifuata baadaye.

Mdogo wako