Kapi la Meli Juu ya Meza Yetu

Dada Zena,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo, hata kama barua yenyewe ni ya wivu.

Nimeolewa na Ramadhani. Ramadhani wako. Huu ni mwezi wa pili. Mwaka wa msiba ulipopita, wazee wa pande zote mbili walikaa wakaona nyumba yako isifungwe, na waliponiuliza kama ninaridhia nilijibu kabla swali halijaisha. Mama alinifinya. "Punguza furaha, Mwajuma, watu wanatazama." Nipunguzeje, dada? Akirudi kutoka karakana ya reli, masizi hadi kwenye nyusi, moyo wangu unaruka kama ndama. Ananiita "mke wangu" mbele ya balozi wa nyumba kumi, bila haya! Shati lake nalinusa kwanza, ndipo nalifua. Nacheka peke yangu jikoni.

Halafu nageuka, na wewe upo. Baba na mama wamehamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kintinku, shamba letu la zamani limebaki vichaka, kila kitu kimebadilika, ila hapa Manyoni ugali wangu bado unapimwa kwa ugali wako. Nakulilia, na kabla machozi hayajakauka nakuonea wivu. Nani humwonea wivu mtu aliyemfumba macho kwa mikono yake mwenyewe? Mimi.

Lililonishinda kabisa ni lile kapi. Unalikumbuka, gogo zito lenye gurudumu la shaba katikati, la kupitishia kamba, alilolileta Ramadhani kwa treni kutoka Kigoma meli kuukuu ilipovunjwa. Miaka yote lilikaa uvunguni. Baada ya harusi yetu akalitoa, akawa analisugua kwa majivu na ukwaju kila jioni mpaka shaba ikawaka. Nikamuuliza la nini.

"Nalifanya taa ya mezani," akasema, hakuinua kichwa. "Nilimwahidi Zena."

Alimwahidi Zena! Basi mimi nani, mpishi?

Alilisugua huku akipiga mluzi, na mimi hajanipigia mluzi hata siku moja. Juu yake akaweka kikopo cha mafuta na utambi, chemni ya kioo ya kukinga moto akaiagiza Singida mjini. Ilibaki pini ya shaba inayolishika gurudumu na kulifanya kapi lisimame wima. Nikaichukua. Nikaizika ndani ya mtungi wa uwele.

Aliitafuta mpaka chini ya kuku anayeatamia.

"Labda panya," nikasema.

Akanitazama. "Panya wa Manyoni siku hizi wanakula shaba?"

Akachonga pini ya mti. Taa ikasimama imeinama kama mlevi, chemni ikateleza, ikapasuka. Hakugomba. Alichutama akaokota vipande kimoja kimoja, na ndipo aliponiambia ahadi yenyewe ilikuwa ipi.

Unakumbuka likizo zangu za sekondari, nilipokuwa nasomea kwenu kwa kibatari? Asubuhi ulikuwa unaniita uani, unanifuta masizi kwa pembe ya kanga. "Msomi wangu, pua kama chungu." Kumbe ulipolala hoi ulimwambia, "Mtengenezee Mwajuma taa yenye chemni. Mtoto anakula moshi." Hukumwambia anioe. Ulisema taa tu.

Nililia mpaka kwikwi. Halafu, nisamehe, wivu ukarudi umenenepa. Hata zawadi ya harusi yangu umenitolea wewe, tena kabla ya harusi! Nitakushinda wapi, dada?

Nilikwenda nikachimbua pini kwenye uwele, nikamwekea kiganjani. "Panya huyu ana adabu," akasema, akanishika mkono.

Chemni nyingine imefika Jumamosi. Sasa taa imesimama wima, gurudumu linang'aa, nami nakuandikia kando yake, pua yangu safi. Chini yake nimetandika kitambaa nilichokidarizi mimi. Chako, kile cha maua mekundu, nilikikunja na kukifungia sandukuni siku ileile niliyoingia humu ndani. Sikutaka kukiona.

Kesho nakitoa, naahidi. Vitatandikwa kwa zamu, juma lako, juma langu, na mgeni akisifu chako nitasema ni cha nani, hata kama ulimi utaniwasha. Nitakuombea kila Ijumaa. Taa tutagawana, dada. Ramadhani simgawi. Ulikuwa naye miaka sita. Hii iliyobaki niachie.

Lala salama. Pua yangu usiihangaikie tena.

Mdogo wako,
Mwajuma