Nataka simu ya kumwona mtoto wangu, lakini atakayeishika ni mama mkwe

Mpendwa Mama Nzisa,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeliuliza kila mahali na kila ninayemuuliza anaanza kwa kucheka. Mimi ni mwoka mikate hapa Kitui mjini, nilisoma mpaka darasa la nane, na mwaka jana wakati wa kuvuna ndengu mke wangu Mutanu alifariki akaniachia msichana mmoja, Wavinya, ambaye sasa ana miaka minne na anaishi Matinyani kwa susu yake, yaani mama ya Mutanu, kwa sababu mimi huingia bekari watu wakiwa bado wamelala na sikuwa na wa kumwachia. Sasa nimepata kazi ya kuoka mikate huko Qatar, mkataba ni wa miaka miwili, na wakala ameniambia nisithubutu kufika uwanja wa ndege na kabambe, hii simu ndogo ya vibonyezo, ninunue simu ya kugusa kabla ya kuondoka, maana viza, tiketi na hata zamu za kazi hutumwa humo.

Kununua yangu si shida. Shida ni ile ya pili, ninayotaka kuiacha Matinyani ili nimwone Wavinya naye anione, kwa sababu juzi nilimwonyesha picha ya mamake akiwa na ile sweta ya kijani aliyopenda kuvuta mikono mpaka ifunike vidole hata kukiwa na jua, na mtoto akaiangalia vizuri kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikajiambia, kama mama ameanza kusahaulika, mimi wa miaka miwili ng'ambo nitakuwa nani?

Lakini Mama Nzisa, unajua sisi Wakamba na nthoni, ile heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Tangu nimwoe Mutanu sijawahi kumwangalia mama huyo usoni wala yeye mimi. Nikifika kwake hukaa nje upande wa ghala, naye akiwa jikoni husema, "Wavinya, mwambie baba yako chai iko tayari," nami nasema, "Wavinya, mwambie susu asante," na mtoto hana haja hata ya kufungua mdomo kwa sababu sote tumesikia. Hata siku ya mazishi yeye alilia upande ule na mimi upande huu. Ni mama mwema sana, sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake.

Sasa Jumapili iliyopita nilijaribu. Niliazima simu ya Aftin, mwenye duka la simu karibu na bekari yetu, nikapiga ya video kwa shemeji yangu Kisilu, kakake Mutanu, ambaye alikuwa ameenda kumsalimu mamake. Wavinya akainyakua simu, akaanza kukimbia nayo anionyeshe mbuzi, mara nikaona paa, mara sufuria, mara uso wa mama mkwe karibu kama huu mkono wangu, hana kitambaa kichwani, mdomo umejaa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Nilifumba macho lakini nilikuwa nimeshaona. Nikasikia "Ngai!" halafu giza, halafu sauti ya Wavinya kwa mbali: "Baba, susu amekuweka kwenye unga!" Kisilu alicheka hadi akashindwa kuongea, na Aftin akaniambia, "Baba Wavinya, fumbua macho, hicho ni kioo tu, hakuna mtu ndani."

Lakini tangu siku hiyo nikimpigia Kisilu, mama mkwe hanitumii salamu, naye alikuwa haachi kunitumia. Nimemuuliza pasta, akasema hayo ni mambo ya kale, sisi ni watu wa wokovu, ila mimi kwa macho yangu nilimwona mama mkwe wake alipokuja ibadani, na pasta akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo nauliza, kuonana kwenye simu ni kuonana? Picha yetu ya harusi iko ukutani kwake, na Mutanu aliniambia mama huipangusa vumbi yote pamoja na uso wangu, na hakuna aliyeona aibu. Kwa nini uso unaosogea uwe tofauti? Na yeye akiwa Matinyani mimi nikiwa Qatar, tutakuwa tumekutana au hatujakutana? Kisilu anasema nimpe hiyo simu aiache pale nyumbani kimyakimya, mama atazoea. Au ninunue kabambe ya sauti tu? Naondoka mwezi ujao.

Baba Wavinya, Kitui mjini

*

Baba Wavinya, pole sana kwa Mutanu. Mtu anayekumbuka mikono ya sweta ana mengi ya kumsimulia mtoto. Anza sasa kabla hujapanda ndege.

Halafu niruhusu nikugombeze. Umemuuliza mwenye duka, umemuuliza pasta, umemuuliza Kisilu, na sasa umeniuliza mimi. Mwenye uso ndiye hujamuuliza. Utaniambia huwezi kumkabili. Sawa, lakini nthoni haijawahi kukosa mjumbe, na wewe unaye shemeji mzima mwenye mdomo.

Unataka kujua kama kuonana kwenye simu ni kuonana. Wewe mwenyewe ulifumba macho! Picha ya ukutani haimwoni mama akila, simu inamwona. Na sidhani kwamba kilichomuudhi zaidi ni nthoni. Uliingia jikoni kwake bila hodi, akiwa kichwa wazi na chakula mdomoni. Mimi si mama mkwe wako, na hata mimi ningekutia kwenye unga.

Mpango wa Kisilu uache kabisa. Simu ikiachwa kimyakimya, mama ataishi nayo kama mtu anayejua kuna nyoka darini. Ataizima, na mtoto atakukosa wewe na sauti yako pia.

Nthoni inazuia macho, masikio haiyazuii. Simu isimamishwe juu ya kigoda, Wavinya akae mbele yake, susu akae nyuma ya simu. Atakusikia ukiongea, atamwambia mtoto akuambie kwamba amekataa uji, nawe utajibu hivyohivyo mlivyozoea. Pangeni siku na saa. Nje ya saa hiyo, ukizidiwa na hamu, piga ya sauti. Kuna nyumba ambazo huondoa nthoni kwa mbuzi na blanketi mbele ya wazee, kisha mkwe na mama wakaangaliana bila shida. Sijui kwenu wanafanyaje. Usipeleke mbuzi yeyote kabla mama hajasema anataka.

Simu yenyewe, usichukue ile ya kulipa kidogokidogo kila siku. Ukichelewa kulipa hujifunga, na viza yako imo ndani. Nunua ya bei ndogo uilipe yote mara moja, iwe ya laini mbili, Aftin aijaribu mbele yako kwa laini za kampuni tofauti, na uondoke na risiti. Laini yako ya Kenya usiitupe, ndiyo yenye pesa zako. Viza na mkataba uvichapishe kwenye karatasi pia, nakala moja abaki nayo Kisilu. Kisha tafuta mtu aliyeko huko akuambie ni njia gani ya kupiga video inayofanya kazi, maana si zote za hapa zinazokubali kule. Ulijue hilo kabla ya kununua simu ya Matinyani.

Jumamosi hii nenda huko. Beba mkate uliouoka mwenyewe, sanduku la simu liache dukani. Keti nje kama kawaida. Kisilu aingie jikoni, kwanza aombe radhi kwa niaba yako kwa ile Jumapili, halafu aulize kama mama anaikubali simu hiyo nyumbani kwake. Akikataa, nunua kabambe na usinung'unike, mtoto anayemsikia babake kila wiki hajampoteza. Akikubali, aulizwe saa inayomfaa.

Na mwambie Kisilu aulize kwa sauti kubwa, ili wewe huko nje ulisikie jibu likitoka kwa mama mwenyewe.

Mama Nzisa