Koti la Mtu Aliyekutoa Vifusini

Baba,

Koti limeanguka tena. Nimeliokota, nikalitundika kwenye ule msumari wako nyuma ya mlango, kisha nikakaa kukuandikia. Tangu tukuzike siku zinapita tu, na mimi naosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Bado sijalia. Shangazi ananitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Hulijui koti hili, kwa hiyo nikueleze. Ile Ijumaa bomu lilipolipuka mjini, jengo la ofisi yenu liliporomoka ukiwa ndani. Nilikwenda kusimama kwenye kamba waliyofunga polisi, nikarudi tena na tena. Baridi ya Agosti unaijua. Kulikuja waokoaji kutoka Israeli na mbwa wao, na mmoja, mtu wa makamo mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akaniona natetemeka. Akavua koti lake, akanivika, akarudi vifusini na fulana tu. Jina lake sikumwuliza. Tungeongea lugha gani? Yeye na wenzake ndio waliokutoa. Wakati wa kukushusha alikushika kichwa, polepole, kama vile bado ungeumia. Hilo nililiona kwa macho yangu. Nilipokumbuka koti, walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao.

Mama akalifua, akalipiga pasi. Cha mtu kirudi, na kisirudi kitupu; ndivyo ulivyotuzoesha. Bakuli la Mama Njeri wa mlango wa pili halikuwahi kurudi bila ndengu ndani. Basi Mama akatia ndengu kidogo kwenye mfuko wa koti, akashona mfuko usimwagike. Halafu akaniuliza tutalipeleka wapi.

Kuna jingine nililokuwa nikilikwepa. Mama naye alikuwa mjini siku ile, alikwenda kumnunulia mdogo wangu Mutua viatu, na kipande cha kioo kikamwingia jicho la kushoto. Daktari wa macho tuliyempata ni Mpalestina, kwao ni Gaza. Mutua akasimama mlangoni mwa wodi akasema, "Huyo Mwarabu hagusi mathe. Si ni wao walimmaliza fathe?" Wodi nzima ilisikia. Daktari pia alisikia, Kiswahili anakijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama, na bandeji yake, akasema, "Mutua, nenda ukanunue chai. Daktari, njoo uangalie jicho." Mwanao akaenda kweli, na kikombe cha kwanza akampa daktari bila kumtazama usoni.

Mama anaona, Baba. Si vizuri sana, lakini juzi aliniambia pindo la sketi yangu limefumuka.

Baada ya mazishi tuliwaita waliotusaidia waje kunywa chai, na daktari akaja hapa nyumbani, mtaa wa Fedha. Akakaa kwenye kiti chako. Hakujua, na hakuna aliyemhamisha. Tukiwa tunakula maandazi koti likaanguka, naye ndiye aliyekuwa karibu. Akaliokota, akaona maandishi ya Kiebrania ndani ya kola. Mutua akainamisha kichwa. Nikamweleza koti ni la nani.

Akauliza, "Yeye alibaki na nini?"

Nikamwambia alibaki na fulana. Akatikisa kichwa. Akasema maandishi yale ni jina la mtu na mji wake, na kwamba herufi hizo alijifunza ujanani, alipokuwa akifanya kazi ya mjengo huko Israeli. "Nimejenga nyumba mji huu. Kutoka kwa mama yangu, ukitoka asubuhi kwa miguu, mchana umefika."

Mama akaruka. "Basi si utupelekee!"

Akacheka, kisha kicheko kikaisha. Akasema siku hizi hana ruhusa ya kupita. Hata mama yake mgonjwa, hospitali inayomfaa iko upande ule wa kizuizi cha mpakani, na anangojea karatasi ya ruhusa. "Mama," akamwambia, "kufika Nairobi kulikuwa rahisi kuliko kufika hapo." Akalitundika koti, akahakikisha limeshika. Mlangoni akasema, "Liwekeni. Siku nitakapoweza kupita, nitakuja kulichukua."

Nilikukumbuka wewe, mwaka ule wakubwa wa Waisraeli na Wapalestina walipopeana mikono na picha ikajaa magazeti. Kanisani tuliimba. Wewe ukakunja gazeti ukasema, "Hiyo ni picha. Siku watu hao watakapoombana chumvi, mniamshe." Tulikucheka, tukasema huna imani.

Jana redio ilisema wakubwa wamekutana tena, wametia sahihi. Mutua akaongeza sauti ya redio, yeye ambaye habari za huko hakuwa akizitaka. Mama akauliza kama sasa daktari anaweza kupita. Alikwenda akashika mfuko wa koti, akahakikisha ndengu bado ziko.

Nimechoka, Baba. Nakuona tu ukishushwa, na mikono ya mtu nisiyemjua chini ya kichwa chako. Nataka apate koti lake. Sijui kama kuna kitu kingine ninachokitaka.

Basi nakuahidi hivi. Koti halitavaliwa na mtu humu ndani, wala halitauzwa, na kila likianguka nitaliokota. Na siku daktari atakapobisha hodi kulichukua, nitafunga safari mpaka Machakos, nipige magoti pale kwenye udongo wako, nikuamshe.

Kwa sasa lala.

Mwanao,
Mwende