Watu wa Mto Hawakuazima

Kanazawa, 8 Januari 1994

Mdogo wangu Fusae,

Salamu kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje? Mimi daktari amesema nitaishi hadi micheri ichanue Aprili tu, naye si mtu wa utani.

Basi nikiri. Unaikumbuka meza yetu ya utotoni, yenye jiko la makaa chini yake? Tumejifunika blanketi, mimi natunga lugha ya watu wa mlima, wewe ya watu wa mto. Ulikuwa na miaka tisa ulipoiita dunia yetu ya kubuni Osemari: joto linalobaki mahali mtu alipokuwa ameketi. Katika vitabu vyangu vyote saba nimeandika kuwa jina ni la mlima, kutoka neno Hosmar, na watu wa mto waliliazima tu. Uongo. Hosmar nililitunga miaka ishirini baadaye, ili nikufute. Kadi zako za maneno pia, mama hakuzichoma. Nilizichukua mimi. Nakurudishia, ndani ya kopo lilelile la chai. Mchapishaji nimemwandikia ukweli.

Kaka yako,
Tokuji

Aomori, 2 Machi

Kaka,

Umekula leo? Goti langu linalalamika kuliko wewe.

Mwizi mkubwa! Nilijua tangu kitabu cha kwanza. Miezi hii miwili kila nilipofungua kopo nilikasirika upya, ndiyo sababu sikukuandikia. Lakini ulidhani niliacha? Nikimenya matufaha nilitunga. Lugha ya mto sasa ina maneno elfu sita, na mchapishaji wako anaitaka kamusi nzima, jina langu juu. Jumapili wasomaji wako wanakutana Tokyo. Wameniita nieleze asili ya jina. Usithubutu kufa kabla.

Mdogo wako,
Fusae

Tokyo, 6 Machi

Kaka,

Unapumua? Sikiliza. Nilisema, "Watu wa mto hawakuazima. Wenye jina ni wao." Kijana mmoja akadakia, "Ushahidi, bibi?" Nikainua kadi yangu ya utotoni, yenye neno lile na doa la supu. Ukumbi mzima ukasimama ukaita Osemari, kwa matamshi yangu! Nililia kama mjinga. Ijumaa, nikishamalizana na mchapishaji hapa, napanda treni kuja kwako.

Mdogo wako

Kanazawa, 8 Machi

Fusae,

Muuguzi amenisomea barua yako mara tatu. Sasa hata yeye anatamka vizuri kunizidi. Umeshinda, nami nimefurahi kushindwa. Njoo upesi. Ukikuta nimetangulia, usilie: gusa godoro. Neno lake unalijua, ni lako.

Kaka yako, mwanafunzi wa lugha ya mto